Aliyeona na Aseme: Ilani ya Watazamaji Ndege wa Mida, Sabaki na Arabuko-Sokoke

Sisi ni wavuvi wa kaa wa hori ya Mida, waongozaji wa wageni wa msitu wa Arabuko-Sokoke, walimu wa Gede na Watamu, vijana wa boda boda, mama muuza mahamri ambaye njia ya kwenda mdomo wa mto Sabaki inapita mbele ya kibanda chake, na wanafunzi wachache ambao wazazi wao bado wanauliza ndege wana faida gani. Tunatazama ndege. Baadhi yetu wana darubini, wengi hawana. Tunaanzisha umoja ambao haujapata jina, maana kikao cha kuchagua jina kiliishia kwa kelele, lakini shabaha yake imeshapatikana: ndege akionekana katika pwani hii ya Kilifi, aliyemwona aseme, alilosema liandikwe, na lililoandikwa lisomwe na watu wa hapa hapa, kwa lugha yao, siku hiyo hiyo.

Tusieleweke vibaya. Ndege wa Kenya wameandikwa sana. Chama ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya kilianza mwaka 1909. Matembezi ya kutazama ndege ya kila Jumatano asubuhi, aliyoyaongoza Bi Fleur Ng'weno jijini Nairobi, yalianza 1971. Huko Ngulia, Tsavo Magharibi, tangu 1969 wataalamu hukesha katika ukungu wa Novemba na Desemba, wakiwanasa ndege wahamaji kwa nyavu nyembamba, wakiwavisha pete miguuni na kuwaachilia waendelee na safari. Kila Januari ndege wa maji huhesabiwa. Aina zaidi ya 1,100 zimeshaandikwa katika nchi hii. Wanaofanya kazi hiyo tunawaheshimu, na baadhi yao ndio waliotufunza kushika darubini.

Lakini angalia ni nani hayumo katika madaftari hayo. Mvuvi wa kaa huingia mikokoni alfajiri, maji yakianza kupwa, masika na kiangazi. Yeye ndiye wa kwanza kujua kwamba sululu wamefika, kwa sababu amewasikia kabla jua halijachomoza. Hamwambii mtu, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Mgeni naye hukaa siku tatu, akaandika aina mia na ushei, akarudi kwao na orodha yake. Orodha ni ya kweli, haina kasoro. Ila sisi imetupita.

Mfano mzuri uko nyumbani. Mnana wa Clarke, ndege wa manjano na weusi anayekwenda kwa makundi juu ya vilele vya mirihi, hapatikani popote duniani ila katika Kilifi hii yetu. Wataalamu walimpa jina mwaka 1913, na kwa miaka mia moja hakuna aliyeandika anataga wapi. Alitafutwa kwenye mirihi, kwa sababu ndiko alikozoeleka kuonekana. Viota vikapatikana Machi 2013 katika kinamasi cha msimu huko Dakatcha, ng'ambo ya Sabaki, na miongoni mwa waliokuwa wakizunguka kumtafuta walikuwa wenyeji wa Dakatcha wenyewe. Miaka mia! Kinamasi cha namna hiyo hujaa mvua ikinyesha vizuri, kisha hukauka, na watu hukipita na mifugo yao. Hatusemi kwamba mchungaji fulani alikuwa na siri hiyo siku zote. Tunasema hata angekuwa nayo, hapakuwa na daftari la kuipokea.

Daftari hilo ndilo tunalolifungua.

Pwani hii ndege huijia kutoka pande mbili. Kuanzia Agosti hivi, vitwitwi wa kila namna hushuka kutoka kaskazini. Yule mdogo mwenye mdomo uliopinda kidogo, Calidris ferruginea, uzito wake ni gramu 60 hivi. Ametaga Siberia, karibu na bahari ya barafu, na Septemba yuko Mida akidonoa matope. Sululu hufika wakati huo huo, wakitembea kwa madaha kati ya mashina ya mikoko, na buabua hujazana mbele ya miamba ya Watamu, ambako mvuvi huwatazama ili ajue samaki wadogo wako wapi.

Kisha kuna mlakaa, Dromas ardeola, mweupe mwenye joho jeusi mgongoni na mdomo mnene mweusi usiolingana na kichwa chake. Huyu ndiye anayewatoa wageni Ulaya wakaja hadi hapa, na sisi tunampita tukienda kazini. Hutaga kwenye fukwe na visiwa vya Omani, Irani, Somalia na Bahari ya Shamu: yai moja jeupe, ndani ya shimo refu alilolichimba mchangani, ambamo joto la mchanga humsaidia kuatamia. Kaa Mida maji yakiwa nusu kupwa umtazame. Anakimbia hatua chache, anasimama tuli, anakimbia tena, anamnasa kaa, anampiga na kumkung'uta mpaka magando yadondoke, ndipo anammeza. Nyuma yake yuko mtoto wa kijivu, kimo sawa na mzazi, mdomo na miguu kamili, lakini anamfuata huku analia apewe chakula. Na mzazi aliyekwisha kumvusha bahari bado anampa. Vitwitwi wengi huwaacha watoto wao wajitafutie njia na riziki. Mlakaa hamwachi wake. Wavuvi wa kaa wa Mida waliliona hilo bila kusoma kitabu chochote, na tulipowauliza walishangaa kwamba kuna watu wanaolipa kulijua.

Upepo ukigeuka, kusi ikishika, wengine huja kutoka upande wa pili. Glareola ocularis hutaga Bukini, na kati ya Aprili na Septemba hukusanyika mdomo wa Sabaki kwa mamia, pengine maelfu, wakiwinda wadudu angani. Katika magofu ya Gede miezi hiyo hiyo yuko ndege mwenye madoa meusi kifuani, Geokichla guttata, anayefukua majani makavu chini ya kuta za mawe ya matumbawe. Ametoka misitu ya kusini, yuko katika hatari ya kutoweka duniani, na watalii humpita wakipiga picha za msikiti.

Novemba na Desemba, mvua za vuli zikipiga bara, huingia kozi wa Amur. Hawa wametoka kaskazini mashariki mwa Asia, wakapumzika India, wakavuka bahari bila kutua. Mwaka 2012 dunia iliambiwa kwamba huko Nagaland, kaskazini mashariki mwa India, walikuwa wakinaswa kwa nyavu kwa maelfu na kuuzwa nyama. Mwaka uliofuata wanavijiji wa huko waliacha. Kozi hao hao ndio wanaofuata kumbikumbi juu ya Tsavo baada ya mvua. Uamuzi wa vijiji vya Nagaland umetufikia sisi kwa mabawa, na kwa adabu ya kawaida tu, watu hao wanastahili kuletewa habari kwamba ndege wao wamefika.

Kuna watakaouliza: kitwitwi wa nini kuandikwa, wakati Mida wako tele? Jibu lilitoka Oktoba 2024, orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ilipopandisha daraja la hatari kwa ndege kadhaa wa matopeni. Yule yule Calidris ferruginea wa gramu 60 yumo, na kitwitwi mkubwa wa kijivu, Pluvialis squatarola, naye yumo. Hawa si ndege wa kusimuliwa. Ni ndege ambao kila mtoto wa Mida ameshawarushia jiwe. Na yupo ndugu wa sululu wetu, mwenye mdomo mwembamba, Numenius tenuirostris, aliyekuwa akihamia nchi za Bahari ya Mediterania. Mara ya mwisho kuonekana kwa uhakika ilikuwa 1995, Merja Zerga, Moroko. Oktoba 2025 akatangazwa rasmi kuwa ametoweka. Alipokuwa bado wa kutosha alionekana wa kawaida mno kuhangaikiwa. Watu walipoanza kuhangaika, walikuwa wanamtafuta mmoja mmoja.

Kwa hiyo msimamo wetu wa kwanza ni huu, na tunajua tutagombana na watu juu yake: ndege adimu hana cheo kuliko ndege wa kila siku. Anayempata ndege ambaye hajawahi kuandikwa Kenya tutampigia vigelegele na kumnunulia soda. Lakini aliyehesabu vitwitwi mia tatu juu ya fungu moja la mchanga ameleta jambo kubwa vile vile. Aliyekwenda Sabaki na kurudi bila kumwona hata mmoja naye ameleta jambo. Aandike sufuri, pamoja na saa na hali ya maji. Sufuri za leo ndizo tutakazozihitaji kesho kutwa tutakapoulizwa ndege walianza kupungua lini.

Tutaandika vipi? Kwa ufupi, na bila kuficha shaka zetu. Mahali, kwa jina wanalolitumia wenyeji, na mwenye simu aongeze alama ya ramani. Tarehe na saa. Maji: yanakupwa au yanajaa, bamvua au maji mafu. Hili la maji hatutalisamehe, kwa kuwa maji yakijaa ndege wote hubanana kwenye fungu moja, na yakipwa hutawanyika hori nzima. Hesabu isiyotaja maji haiwezi kulinganishwa na nyingine. Idadi, na kama umekisia, sema umekisia. Ukiona pete au kibendera cha rangi mguuni, andika rangi, mguu wa kulia au wa kushoto, na herufi kama zinasomeka, kwa kuwa kuna mtu mahali fulani anayesubiri herufi hizo.

Jina la ndege ni lile unalolijua. Kiswahili, Kigiriama, Kibajuni, yote yatapokewa, na katibu ataandika jina la kisayansi pembeni. Mtu akileta "vitwitwi wadogo, kama mia mbili, sikuweza kuwatofautisha, jua lilikuwa machoni", ameleta kitu bora kuliko yule aliyejaza aina kumi na mbili kwa kubahatisha ili asionekane mshamba. Wako vitwitwi wawili wa mchanga, mdogo na mkubwa, ambao hutofautishwa zaidi kwa urefu wa mdomo na miguu, na tumeshuhudia wataalamu wenye vyeti wakiwagombania hadi chai ikapoa.

Ndege adimu akitajwa, tutauliza maswali. Miguu rangi gani? Alilia vipi? Aliruka au alitembea? Nani mwingine alikuwepo? Picha ipo? Kuulizwa si kutukanwa. Mzee wa miaka sabini ataulizwa, na mtoto wa darasa la sita ataulizwa, wala shahada ya chuo kikuu haitamwokoa mtu. Jibu likikosa kutosheleza, habari itaandikwa na alama ya shaka mbele yake, na hapo mjadala umekwisha. Hatutaki ugomvi wa ndege uingie harusini.

Habari hizo zitakaa kwanza kwenye ubao wa chaki dikoni, pale samaki wanaponadiwa, ambapo kila mtu hupita. Jioni katibu atazihamishia kwenye daftari. Mwisho wa mwezi nakala itakwenda kwenye mradi wa ramani ya ndege wa Kenya, ambao umeigawa nchi katika miraba ya kilomita 9 kwa 9 hivi na ambao una miraba mingi ya bara letu isiyo na macho ya kutosha. Daftari lenyewe halitoki Kilifi. Mtafiti anayelitaka atalisoma hapa, akae nasi, na akimaliza kazi yake atuletee alichokiandika na kutusomea kwa Kiswahili.

Sasa yale ambayo hatutayasema.

Bundi mdogo wa Sokoke, urefu wake sentimita 16 hivi, hulala mchana katika vichaka vinene vya udongo mwekundu, mara nyingi wawili bega kwa bega kwenye tawi moja. Mwongozaji anayelijua tawi la leo ameamka usiku kulitafuta, na tawi hilo ndilo karo ya watoto wake. Katika vikao vyetu vya kwanza waongozaji walikaa kimya kila tulipotamka neno kugawana, na kimya chao kilikuwa na haki. Umoja unaomnyang'anya mtu riziki yake kwa jina la elimu haudumu. Tumekubaliana hivi: bundi ataandikwa kwamba yupo, siku fulani, msitu wa Arabuko-Sokoke, basi. Tawi ni la aliyelitafuta. Waongozaji nao wamekubali kuleta hesabu zao za msimu mzima, ambazo hawajawahi kumpa mtu, na kwa maoni yetu sisi ndio tuliofaidika zaidi katika mapatano haya.

Viota vya ndege yeyote hatutavitangaza mpaka makinda yaruke. Kisiwa kile kidogo cha mawe nje ya Mida, ambako buabua hutaga wakati wa kusi, hatutampeleka mtu msimu wa mayai, awe mgeni au mwanachama. Mayai huokotwa, na mtu mmoja akikanyaga pale, buabua wote huruka na kuyaacha juani.

Kumchezea ndege sauti yake kwenye simu ili ajitokeze tunakataa, na kwa bundi tunakataa kabisa. Kifungu hiki hakikupita kwa sauti moja. Waliokipinga wamesema mgeni aliyelipa hataki kusikia habari za subira, na upinzani wao umeandikwa kwenye daftari. Na mpiga picha anayewakimbilia walakaa juu ya fungu la mwisho maji yamejaa, ili apate picha ya mabawa, picha yake haitakaa ubaoni kwetu hata ikiwa nzuri namna gani. Machi na Aprili ndege hao wanajaza mafuta ya safari. Kila wanaporushwa wanayachoma bure.

Tunafahamu kwamba daftari halizuii tingatinga. Lakini ulipokuja mpango wa kufyeka sehemu kubwa ya Dakatcha ili kupanda mibono ya mafuta, mnana wa Clarke alikuwa miongoni mwa hoja zilizowekwa mezani, na Dakatcha haikufyekwa kwa mpango huo. Delta ya Tana iliingia katika orodha ya ardhioevu za Ramsar mwaka 2012, na wingi wa ndege wake ulikuwa sehemu ya sababu. Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba 420 hivi, mkubwa kuliko misitu yote ya pwani ya aina yake iliyosalia Afrika Mashariki, na hauishiwi na watu wenye mipango nao. Mdomo wa Sabaki hauna uzio. Mabwawa ya chumvi ya Gongoni na Marereni, ambako vitwitwi hula kama walavyo Mida, yako mikononi mwa wenye viwanda, nasi tutawaendea kwa adabu kuomba ruhusa ya kuhesabu. Katika ofisi zinazoamua mambo hayo mtu haulizwi anawapenda ndege kiasi gani. Anaulizwa wangapi, lini, na nani aliwaona. Kwa miaka mingi majibu hayo yalitoka kwa watu wa mbali, na afisa akitaka kutupuuza alikuwa na njia rahisi: wenyeji hawajalalamika. Tunaiziba njia hiyo.

Ada hakuna. Fulana hakuna, angalau mwaka huu. Mfadhili akijitokeza atapewa chai kwanza, kisha aulizwe anataka nini. Wanaotega ndege kwa kitoweo hatujaja kuwahutubia; tutawauliza wanachokiona, kwa kuwa wanaona mengi, na mazungumzo mengine yatafuata yenyewe. Mtoto mwenye manati tunamtaka kuliko wote, maana ana shabaha, ana subira, na anajua kila ndege anakolala.

Tunaanza Jumamosi ya pili ya Oktoba, siku ambayo nchi nyingi huadhimisha ndege wahamaji. Tutakutana Mida, kwenye daraja la mbao linalopita mikokoni. Saa itaandikwa ubaoni baada ya kusoma jedwali la maji. Mwenye darubini aje nayo na awe tayari kuiazima. Asiye nayo aje. Na wewe uliye mbali, Kwale, Lamu, Tanga, Pemba, Rufiji, au huko Omani kwenye matope ya Barr al Hikman ambako walakaa wetu hukusanyika pia, usitungoje. Tafuta ubao na chaki, andika ulichokiona leo na maji yalivyokuwa, kisha ututumie nakala.